Mzigo wa Mwenzio: Historia ya Wagonjwa wa Saratani Waliosaidiana



Wazee wetu walisema kuwa mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Maana yake waijua: asiyeubeba huuona mwepesi. Methali hii huonekana ukweli wake kitandani pa mtu mwenye saratani, maradhi ambayo wengi wetu huyaita kansa, na wengine hawathubutu kuyataja kwa jina. Watu huingia chumbani, hutoa pole, husema "utapoa tu", kisha huaga. Maneno hayo ni mema, na kumtazama mgonjwa ni haki yake juu yetu. Lakini usiku ukiingia, maswali yanayomkesha mgonjwa huwa bado hajayauliza. Je, nywele zitaota tena? Mkono huu utanyanyuka? Mume wangu atanionaje? Na yule jamaa anayemuuguza, aliyelala mkekani chini ya kitanda, naye ana maswali yake ambayo hathubutu kuyatamka mbele ya mgonjwa wala mbele ya wageni.

Makala haya yataka kukueleza habari ya watu walioliona jambo hili wakaamua kulitafutia dawa. Dawa yenyewe ilikuwa hii: mtu aliyekwisha kupatwa na ugonjwa amwendee aliyepatwa leo, na aliyekwisha kuuguza amwendee anayeuguza. Jambo hili twaliona dogo, lakini lilipata upinzani mkubwa kabla ya kukubaliwa. Sehemu kubwa ya habari hii ilitokea Marekani, katika karne ya 20, na huko ndiko tutakakokwenda kwanza. Baadaye tutarudi kwetu.

ZAMA ZA KUNYAMAZA

Usidhani kwamba kuificha saratani ni tabia yetu sisi watu wa pwani peke yetu. Mwaka 1961, daktari Donald Oken alichapisha uchunguzi alioufanya kwa madaktari 219 wa mjini Chicago. Aliwauliza desturi yao ni ipi wanapogundua kuwa mgonjwa ana saratani. Kiasi cha madaktari 9 katika kila 10 walijibu kwamba kwa kawaida hawamwambii. Mgonjwa aliambiwa ana uvimbe, au jipu, au kitu kinachotaka kuondolewa, na siri wakapewa jamaa zake.

Hebu itazame nyumba hiyo, ewe msomaji. Mke hajui, mume ajua, binti mkubwa ajua, na wote wawili watabasamu kila waingiapo chumbani. Naye mgonjwa, kwa kuwa si mjinga, huanza kushuku. Lakini akiona wenziwe wanajikaza, naye hujikaza ili asiwavunje moyo. Basi watu watatu wakaa chini ya paa moja, kila mmoja amebeba mzigo wake peke yake, na wote wabeba mzigo ule ule.

Hata magazeti yalinyamaza. Mwanamke mmoja wa New York, Fanny Rosenow, alisimulia kwamba mwanzoni mwa miaka ya 1950 alitaka kutangaza gazetini mkutano wa wanawake wenye saratani ya matiti. Jibu alilopewa ni kuwa gazeti haliwezi kuchapa neno "matiti" wala neno "saratani".

Na matibabu yenyewe yalikuwa mazito. Upasuaji uliotumika sana kwa saratani ya matiti ulikuwa ule uliotangazwa na daktari William Halsted wa Baltimore mwaka 1894. Ziwa lote huondolewa pamoja na misuli ya kifua iliyo chini yake, na tezi za kwapani. Ulitumika kwa miaka zaidi ya 70. Tena ilikuwa kawaida mwanamke alazwe kwa dawa ya usingizi bila kujua mwisho wake. Kipande cha uvimbe hukatwa na kupimwa palepale. Kikionekana kina saratani, daktari huendelea na upasuaji mkubwa hapo hapo. Mwanamke hufumbua macho, akapeleka mkono kifuani, na hapo ndipo anapoijua habari yake.

MWANAMKE ALIYEINGIA WODINI

Mwaka 1952, mwanamke wa New York aitwaye Terese Lasser alifanyiwa upasuaji wa namna hiyo. Alipopata nafuu alikuwa na maswali mengi. Mkono wa upande uliokatwa ataunyanyuaje? Atavaa nini ili nguo imkae sawa? Atawaambia nini mumewe na watoto wake? Madaktari walikuwa hodari wa kisu, lakini majibu ya maswali hayo hawakuwa nayo, na wengi wao waliyaona si maswali ya tiba.

Lasser akaazimia kwamba mwanamke mwingine asipate taabu aliyoipata yeye. Alianza kuwazuru wanawake waliotoka kukatwa ziwa, mmoja mmoja, vitandani mwao. Aliingia amevaa vizuri, amesimama wima, mkono ukinyanyuka kama wa mtu mzima. Mkononi alikuwa na mfuko mdogo. Ndani yake mlikuwa na mpira na kamba ya kuzoeza mkono, na ziwa la bandia la kushikiza ndani ya nguo kwa muda. Akawafundisha kutambaza vidole ukutani, kila siku juu kidogo kuliko jana. Kazi yake aliipa jina la Reach to Recovery, maana yake ni kunyoosha mkono kuelekea afya.

Tafakari mgonjwa yule alipata nini. Daktari angeweza kumwambia "utaishi, utatembea, utavaa nguo zako". Lakini maneno ya daktari ni ahadi. Mwanamke huyu aliyesimama mbele yake ni ushahidi, na macho yaliyojaa machozi yaliweza kuutazama na kuusadiki.

Hata hivyo hakupokewa kwa mikono miwili. Wapo madaktari wapasuaji waliochukizwa kumwona mtu asiye tabibu akiingia kwa wagonjwa wao, na zipo hospitali zilizomfukuza. Tuseme kwa insafu: hofu yao haikuwa upuuzi mtupu. Mtu asiyesomea udaktari aweza kumpa mgonjwa shauri baya kwa nia njema. Ndiyo maana kazi ile ilipokua iliwekewa masharti. Mwenye kuzuru sharti awe amepata ugonjwa huo huo na kupona majeraha yake, afundishwe kwanza, aende kwa idhini ya daktari, wala asizungumzie dawa gani ni bora au daktari gani ni hodari. Kazi yake ni kusikiliza na kueleza namna ya kuishi. Mwaka 1969 Chama cha Saratani cha Marekani kikaichukua kazi hiyo kuwa yake, na katika miaka ya 1970 ikavuka bahari hadi Ulaya. Lasser alifariki mwaka 1979, na kazi aliyoianza na mfuko mmoja ilikuwa imekwisha kufika nchi nyingi.

WALIOPOTEWA NA SAUTI

Mwaka ule ule wa 1952 kilianzishwa huko Marekani chama cha watu waliokatwa kikoromeo kwa sababu ya saratani ya koo. Mtu akiondolewa kikoromeo hupumua kwa tundu lililotobolewa shingoni, na sauti yake huondoka. Fikiri baba wa nyumba asiyeweza kumwita mwanawe, au mchuuzi asiyeweza kutaja bei.

Lakini iko njia. Mtu hujifunza kuvuta hewa kidogo hadi kwenye umio, mahali pipitapo chakula, kisha huirudisha juu na kuigeuza maneno. Sauti hutoka nzito na yenye mkwaruzo, lakini hueleweka. Mafunzo haya hutaka subira nyingi, na mwanafunzi hukata tamaa mara kwa mara. Sasa, nani awezaye kumfundisha vizuri zaidi? Wale watu waligundua kwamba mwalimu akiwa naye hana kikoromeo, naye anazungumza, mwanafunzi huona aibu kusema kuwa haiwezekani. Wakakutana katika vyama vyao vidogo vidogo, wale waliokwisha kusema wakiwangoja wale ambao bado wamenyamaza.

KIMYA KINAVUNJIKA

Mambo yalianza kubadilika hadharani mwaka 1974. Mwezi Septemba mwaka huo Betty Ford, mke wa Rais wa Marekani, alikatwa ziwa, na badala ya kuficha aliacha habari itangazwe kwa jina lake. Wanawake wengi mno wakaenda kupimwa. Neno lililokuwa haliandikwi likaandikwa kila mahali.

Madaktari nao waligeuka. Mwaka 1979 ulichapishwa uchunguzi mwingine, uliowauliza madaktari swali lile lile la mwaka 1961. Safari hii 97 katika kila 100 walisema wanaona bora mgonjwa aambiwe ukweli. Katika miaka 18 tu desturi ilikuwa imepinduka juu chini. Sababu zilikuwa nyingi, na mojawapo ni kwamba dawa zilikuwa zimezidi nguvu. Lakini tusiwasahau wale wagonjwa waliokwisha kuonyesha kwamba mtu aweza kulijua jina la ugonjwa wake na bado akasimama.

MZIGO WA ANAYEUGUZA

Hata hapo, ndugu msomaji, alikuwako mtu mmoja aliyesahauliwa, naye ni muuguzaji. Yaani yule mama, mume, binti au ndugu anayemuuguza mgonjwa wake. Wageni wakija humwuliza habari za mgonjwa. Nani amwulizaye habari zake yeye?

Mwaka 1970, mjini Washington, wazazi wenye watoto wagonjwa wa saratani waliunda chama wakakiita Candlelighters, yaani wawashaji mishumaa, kwa kuukumbuka msemo wa kwamba afadhali kuwasha mshumaa mmoja kuliko kulilaani giza. Mzazi ambaye mwanawe amelazwa miezi kwa miezi hujua mambo ambayo hakuna kitabu kinachoyaeleza: namna ya kumshika mtoto anayeogopa sindano, namna ya kuwajibu ndugu zake waliobaki nyumbani wanaodhani wamesahauliwa, namna ya kula japo huna hamu. Elimu hiyo wazazi walipeana. Tena hawakukomea kufarijiana. Walikwenda kwa wabunge wa nchi yao kudai fedha za kuutafiti ugonjwa wa watoto wao.

Mwaka 1974, katika mji mdogo wa Burlington, jimbo la Iowa, mwandishi wa gazeti Orville Kelly, aliyekuwa na saratani ya tezi, aliandika wazi juu ya hali yake na kuwaita wenzake wakutane. Chama chao kiliitwa Make Today Count, kwa maana ya kuifanya siku ya leo iwe na thamani. Aliwaalika wagonjwa pamoja na jamaa zao, wakaketi chumba kimoja wakasema yale ambayo majumbani mwao walikuwa wakifichana. Kelly alifariki mwaka 1980.

Je, mzigo wa muuguzaji ni wa maneno tu? La. Mwaka 1999 wataalamu Richard Schulz na Scott Beach walichapisha uchunguzi wa miaka 4 juu ya wazee wanaouguza wake zao au waume zao, wenye maradhi mbalimbali. Waliona kuwa wale waliolemewa na kazi ya kuuguza walikuwa katika hatari ya kufa iliyozidi kwa asilimia 63 ile ya wazee wenziwao wasiouguza. Basi kumpumzisha muuguzaji kwa nusu siku ni kuilinda roho ya pili iliyomo hatarini nyumba ile ile.

JE, MAZUNGUMZO HUREFUSHA UMRI?

Hapa pana jambo ambalo hatuna budi kulisema kwa ukweli. Mwaka 1989 daktari David Spiegel wa Chuo Kikuu cha Stanford, huko California, alitangaza matokeo ya wanawake 86 ambao saratani ya matiti ilikuwa imewaenea mwilini. Baadhi yao walikutana kila wiki kwa mwaka mmoja, wakizungumza juu ya hofu na maumivu yao. Waliokutana waliishi kwa wastani karibu miezi 37 tangu uchunguzi ulipoanza. Wasiokutana, karibu miezi 19. Dunia ilishangaa. Watu wakaanza kusema kuwa maneno ni dawa ya saratani.

Wataalamu wengine wakalirudia jaribio. Mwaka 2001 yalitoka matokeo ya Canada, kwa wanawake 235. Umri haukuzidi: miezi 17.9 kwa waliokutana, na 17.6 kwa wasiokutana. Mwaka 2007 Spiegel mwenyewe alitangaza jaribio lake jipya la wanawake 125, naye hakuona kwamba kwa jumla mikutano ilirefusha maisha. Huo ndio uungwana wa elimu: mtu kusema yaliyomvunjia neno lake mwenyewe.

Lakini wale wanawake wa Canada hawakutoka mikono mitupu. Waliokutana, hasa wale waliokuwa na huzuni kubwa tangu mwanzo, walipungukiwa na huzuni, na maumivu waliyahisi kuwa madogo kuliko wenzao. Basi lishike hili, ewe msomaji. Kukaa na mwenzio hakumtoi saratani, wala asikudanganye mtu. Tena usimlaumu maiti kwamba angelikuwa na moyo zaidi angelipona. Faida yake ni kwamba siku alizoandikiwa mtu huzipitisha akiwa na mwenzake, maumivu yakiwa chini na ulimi ukiwa umefunguka. Mwenye kuzidharau faida hizo hajalala kitanda kile.

KUTOKA KITANDANI HADI KWENYE SIMU

Mwaka 1995 mtu mmoja wa New York, Gilles Frydman, alipata habari kuwa mkewe ana saratani ya matiti. Akaingia katika kundi la watu waliokuwa wakiandikiana barua kwa intaneti juu ya ugonjwa huo, na mambo aliyoyasoma kutoka kwa wagonjwa yakawafanya watafute rai ya daktari mwingine. Baadaye akaanzisha jumuiya iitwayo ACOR, iliyokusanya makundi mengi, kila saratani na kundi lake. Mtu mwenye ugonjwa adimu, ambaye katika mji wake mzima hana mwenzake, akampata mwenzake ng'ambo ya bahari. Na muuguzaji asiyeweza kutoka nyumbani akaweza kuuliza swali lake saa nane ya usiku, akajibiwa na mtu aliye macho upande wa pili wa dunia.

Leo jambo hilo limo ndani ya simu za mkononi. Kheri yake ni kubwa, hasa kwa mwanamke mwenye haya, ambaye hawezi kulieleza ziwa lake mbele ya watu lakini aweza kumwandikia mwenzake. Shari yake nayo ipo. Katika kundi hilo hilo huingia mwenye mizizi ya kuuza, na mwenye kuapa kwamba fulani aliacha hospitali akapona. Masharti aliyowekewa mwenye kuzuru wa zamani yangalipo na yafaa leo: eleza ulivyoishi, wala usiamrishe dawa. Anayekwambia uache matibabu ili ununue kitu chake, huyo hakuja kukubebea mzigo.

NA SISI JE?

Hospitali ya Ocean Road, Dar es Salaam, ilifunguliwa na Wajerumani mwaka 1897, ikitazama bahari. Mwaka 1996 ikawa taasisi ya saratani inayojitegemea. Kwa miaka mingi watu wa bara na wa visiwani wamekwenda hapo kutafuta tiba. Kenya ilipata Nairobi Hospice mwaka 1990, na mwaka 1993 daktari Anne Merriman akaanzisha Hospice Africa Uganda mjini Kampala. Nyumba hizi zilijengwa juu ya fikra iliyoonyeshwa London na Cicely Saunders alipofungua St Christopher's mwaka 1967, kwamba mgonjwa asiyetazamiwa kupona angali na haki ya kuondolewa maumivu, na jamaa zake wana haki ya kutazamwa pamoja naye.

Matibabu ya mionzi hutolewa siku baada ya siku, aghalabu kwa wiki kadhaa. Mgonjwa aliyetoka mbali hukaa ugenini, na benchi la kungojea zamu huwa darasa lake. Huyu ngozi imemwungua, amuulize aliyetangulia. Yule koo limekauka, aelezwe namna ya kunywa uji. Watu hawa hawakusoma habari za Lasser. Haja ndiyo iliyowafundisha.

Basi twaomba nini kwako? Ikiwa ulipata ugonjwa huu ukajaliwa afya, iko nyumba mtaani mwako inayokungoja. Si lazima uutangaze ugonjwa wako sokoni. Mwendee mmoja, kwa idhini yake, uketi, umwambie: "Nami nilikuwa hapo." Ikiwa uliuguza, mwite kando yule anayeuguza, umwulize amelala saa ngapi jana, kisha ushike zamu yake hadi magharibi. Ikiwa hukupata wala hukuuguza, punguza mawaidha na uzidishe masikio. Nanyi mlio na mgonjwa ndani, msimfiche jina la ugonjwa wake ikiwa mwenyewe ataka kulijua. Mficha maradhi kifo humuumbua, na mwenye kufichwa maradhi yake mwenyewe hunyimwa hata nafasi ya kuagana na watu wake na kuandika wasia wake.

Mwenyezi Mungu awaafu wagonjwa wetu, awape nguvu wanaowauguza, na awape waliopona moyo wa kurudi mlangoni walikotoka.